Kitufe cha Nyumbani

Katika wanawake wote walioota mvi kati ya Sotik na Kaplong, mimi Elmina ndiye rubani wa kwanza. Hakuna mwingine. Andikeni.

Sasa futeni, kwa sababu urubani wangu ulidumu dakika kumi na moja, na ndege yenyewe niliiangusha mahali ambapo watu walikuwa tayari wanatafuta mtu wa kufukuza.

Wiki jana niliwaacha nikiwa chooni, mlango nimeufunga kwa kamba, nasikiliza wachuma chai wakipita njiani na fimbo wakiulizana, "Ni nani? Ni nani?" Wengine wenu mmemwandikia mhariri mkitaka kujua kama nilitoka. Nilitoka. Choo changu si mahali pa mtu kukaa siku ya tatu.

Kwa yule aliyefungiwa maandazi kwa gazeti la wiki jana, nitarudia kidogo.

Nina chai ekari moja na robo. Chai hiyo imeteremka mpaka mtoni, na magoti yangu hayataki kuteremka nayo. Mtu alikuwa ananichumia. Si kwa kunisaidia, kwa kuniibia. Nikaona nikipata jicho la juu nitamwona huyo mtu bila kuyasumbua magoti. Nikaenda Litein kwa Oyaro, anayeuza simu, redio na kitu chochote chenye taa.

"Mama, haka kandege ni kazuri," Oyaro akaniambia. "Kana kamera. Kanaona mpaka kwa jirani."

"Kanataka leseni?"

"Leseni ya nini? Haka ni ka kuchezea tu."

"Karatasi zake ziko wapi?"

"Karatasi ni mambo ya watu wa Nairobi. Wewe si mtu wetu? Nyumbani ni wapi, mama?"

"Nyamira."

"Aa, Nyamira! Mimi ni wa Keroka." Alisema huku akibonyezabonyeza rimoti.

Shikeni hapo. Nitaparudia.

Mtu mwenye akili angebeba mkoba wake akaondoka. Mimi nilicheka. Mimi hucheka hata matangani, ndivyo nilivyoumbwa, na nikicheka, jino langu moja la juu hutokea peke yake kama mlinzi langoni. Oyaro aliliona jino, akajua amepata mteja.

Kandege nikakapa jina Ombati, jina la marehemu mume wangu, kwa sababu kanaamka na kelele nyingi na baada ya dakika kumi hakana nguvu tena.

Jumatatu asubuhi nilitandika aproni yangu ya plastiki katikati ya chai, nikamweka Ombati juu yake. Nikasimama mbele yake tukitazamana uso kwa uso, kama watu wa ndoa. Nikabonyeza kila kitu kilichowaka. Ombati akapanda. Nilicheka mpaka nikashika kiuno.

Huku bondeni hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha kitambaa. Nani aliniambia kwamba juu ya miti kuna upepo mwingine kabisa, ambao sisi wa chini hatuujui? Ulimchukua Ombati kama mlevi anavyochukuliwa na marafiki. Akavuka kilima, akaelekea shamba kubwa la kampuni.

Kwenye rimoti kulikuwa na kitufe chenye picha ya nyumba, na chini ya nyumba kumeandikwa HOME. Nilifika darasa la sita. Hilo neno nalijua.

Na hapo nilifanya kosa ambalo labda ni mtu wa namna yangu tu anayeweza kulifanya. Nimeishi upande huu miaka arobaini na miwili. Nimezaa hapa, nimezika mume hapa. Lakini nikisema "nyumbani", kwamba Desemba nakwenda nyumbani, kwamba unga huu wa wimbi umetoka nyumbani, nina maana ya Nyamira kwa baba yangu. Sisi tuliokuja huku sote husema hivyo. Na si Oyaro aliniuliza nyumbani ni wapi, huku anabonyeza? Mimi nilijua ameiandika humo ndani.

Nikaitazama ile nyumba ndogo. Nikasema, nikibonyeza hapa Ombati atakwenda moja kwa moja mpaka Nyamira, na kaka zangu wakimshika, kwaheri ya kutoonana tena.

Sikubonyeza.

Ombati akachoka. Akaanguka katikati ya wachuma chai sitini.

Msimu uliopita, shamba moja ng'ambo ya mto lilikuwa limeleta mashine za kuchuma, na watu wengi wakaambiwa wasirudi kesho yake. Upande wetu kila mtu alikuwa anangoja siku yake. Sasa kitu chenye jicho kinatoka mawinguni kinawapigia kelele juu ya vichwa. Mngefikiri nini? Hata mimi ningefikiri hivyo. Ningeshika fimbo.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa ni Alhamisi.

"Elmina! Chamgei! Uko ndani?"

Alikuwa Chepkemboi, jirani yangu wa ua kwa ua. Yeye ni Mkipsigis, mimi Mkisii, na tumeazimana chumvi mpaka hatujui ya nani ni ya nani. Mwaka ule wa vurugu, nyumba za sisi Wakisii zilipokuwa zinachomwa, Chepkemboi alinificha siku nne kwenye ghala lake la mahindi. Vijana walipokuja kuuliza, alisimama mlangoni na mwiko wa ugali akawaambia, "Humu hamna mtu. Humu mna panya."

Tangu siku hiyo, tukiwa wawili tu, huniita Panya.

"Chamgei," nikaitikia salamu kutoka kitandani. "Mimi ni mgonjwa."

"Wa nini?"

"Magoti."

"Hayo magoti yalianza kuugua kabla sijaolewa. Amka. Naibu wa chifu ameita watu wote kituo cha chai. Kale kandege kamefunguliwa."

"Kandege gani?"

Akaingia akanitazama. "Kwani masikio nayo yamekuwa magoti? Kale kalikoanguka kwa kina Kimutai! Nchi nzima inakajua."

Kimutai ni mwanawe wa kwanza. Ndiye anayesemea wachuma chai wa kampuni, mtu mpole sana mpaka aguswe kazi yake.

"Kimutai anasemaje?" nikauliza.

"Anasema kampuni ina mtu wake hapa hapa kwetu. Mtu tunayesalimiana naye. Ndiye anakarusha, anawapimia mashamba walete mashine. Leo atajulikana, na leo hii arudi kwao."

"Kwao wapi?"

"Nitajuaje? Kila mtu si ana kwao?"

Nilivuta blanketi. Mimi nilikuwa na kwao gani? Nyamira, kaka zangu wamegawana mpaka pale nilipokuwa naanikia nguo. Kaburi la mume wangu liko hatua ishirini kutoka kitanda hiki. Wakisema nirudi, ningerudi wapi, na kaburi ningelibeba kwenye gunia?

"Usipokuja," Chepkemboi akasema, "watu watauliza kwa nini Elmina hakuja."

Nikaamka. Magoti yakapona.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na njia ilikuwa matope matupu. Chepkemboi alikuwa amekuja na ndala, na kamba ya moja ilikuwa imekatikia hapo mlangoni kwangu. Akaona gambuti zangu za mpira pembeni.

"Nipe hizi."

"Chukua."

"Na wewe?"

"Nitavaa viatu vya kanisa."

"Kwenye matope haya?"

"Naibu wa chifu ni mtu wa heshima."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kudanganya mbele ya watu, na nilitaka angalau niwe nimevaa vizuri.

Hizo gambuti niwaeleze. Ya kushoto nyeusi, ya kulia kijani. Zilikuwa jozi mbili, mbwa akapita na moja ya kila jozi, na mimi si mtu wa kutupa mguu mzima. Nilikuwa nimezivaa wiki mbili tu, tena kule chini kwenye chai, ambako hakuna wa kuniona isipokuwa mwizi wangu.

Tukashika njia. Chepkemboi mbele, mimi nyuma nikirukaruka kwenye nyasi kama mwanakwaya.

Simu ikalia. Alikuwa mjukuu wangu Mongina, anayepiga picha za harusi huko Kaplong. Huniita Magokoro, yaani bibi kwa Kikisii. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemwuliza mambo ya kandege, nikimwambia ni ya rafiki yangu. Sasa nilibaki nyuma kidogo nikapokea kwa kunong'ona.

"Magokoro, yule rafiki yako mwenye droni ameiandikisha?"

"Rafiki gani?"

"Magokoro."

"Haya. Hajaiandikisha."

"Mwambie ni lazima iandikishwe kwa mamlaka ya ndege, na apate kibali kabla hajairusha. Mtu huuliza hayo kabla hajanunua, si baada. Na hairushwi juu ya vichwa vya watu. Na haipiti juu ya boma la mtu hujamwuliza. Unasikia?"

"Nasikia. Namaanisha, atasikia."

"Na aangalie upepo wa juu, si wa chini. Na ikimshinda, asisubiri betri ife. Kuna kitufe cha nyumba."

"Kile cha kwenda Nyamira."

"Magokoro, Nyamira gani?"

"Si ndiyo nyumbani?"

"Nyumbani kwa droni ni pale ilipoinukia! Ukibonyeza, inageuka, inarudi pale pale ulipokuwa umeiweka. Haijui kwa baba yako."

Nilisimama. Kiatu cha kanisa kikazama. Pale ilipoinukia! Kidole kimoja tu, na Ombati angegeuza uso akarudi kwa amani kwenye aproni yangu, na leo ningekuwa nimekaa nyumbani, hapa, nyumbani kwangu, nakula viazi.

"Magokoro, huyo rafiki alibonyeza mahali pekundu?"

"Palikuwa pazuri. Alibonyeza."

"Basi imerekodi. Ndani kuna kadi ndogo kama ukucha, na kila kitu kimo. Alisimama nyuma yake au mbele?"

"Mbele. Walikuwa wanatazamana."

"Yesu wangu. Unajua huwa inaona nini kwanza ikiwa bado chini? Miguu. Mimi kila harusi nakaa nakata miguu yangu kwenye picha."

"Miguu," nikasema.

"Miguu na viatu."

Nikainua macho. Mbele yangu Chepkemboi alikuwa anapanda kilima, akivuta hatua moja moja kutoka kwenye matope. Nyeusi. Kijani. Nyeusi. Kijani.

"Magokoro? Uko?"

Nilikata simu.

"Chepkemboi! Ngoja! Tubadilishane viatu."

Akageuka. "Kwa nini?"

"Hivi vya kanisa vinanibana."

"Kama vinakubana wewe, mimi si vitaniua? Mguu wangu unaujua."

"Basi vua utembee hivyo hivyo. Matope ni dawa ya ngozi."

"Dawa ya ngozi!" Akacheka. Chepkemboi ana meno yote, unaweza kuyahesabu ukiwa barabarani. "Leo umekunywa nini, Panya?"

Hilo jina lilinichoma.

Nikahesabu haraka, kwa kichwa changu cha darasa la sita. Nikizivaa mimi, ni mimi. Nikimwachia, ni yeye. Nikisema ukweli hapa njiani, ataniambia nini mwanamke ambaye mwanawe anaapa kule kituoni? Nikajiambia labda kadi imelowa. Labda hakuna mtu anayejua kuifungua. Labda umeme utapotea. Si hupotea kila siku?

Nikanyamaza. Tukatembea. Kama mnataka kunihukumu, nihukumuni hapo, msihangaike na kitufe.

Kituo cha chai kilikuwa kimejaa mpaka watu wamekaa juu ya uzio. Kwenye meza ya mizani walikuwa wameweka televisheni ya kanisa. Nicholas, naibu wa chifu, alikuwa na kompyuta yake na waya mikononi, na kompyuta ilikuwa inawaka vizuri sana.

Kimutai alikuwa amesimama juu ya kreti. Mkononi amemshika Ombati miguu juu, kama kuku wa kuuzwa. Bawa moja halikuwapo.

"Watu wangu!" akasema. "Hii troni haijatumwa na Mungu."

Siku nyingine ningeicheka hiyo troni yake. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Kuna mtu wa hapa. Tunachota maji naye. Tunazika naye. Na huyo mtu anatupima kutoka juu kama mahindi ya kuvunwa. Mimi nina watoto wanne. Mashine ikija nitawapeleka wapi? Leo tukimjua, awe mzee, awe pasta, awe mama yangu mzazi aliyeninyonyesha, jua likizama hayuko hapa!"

"Hayuko!" watu wakaitikia.

"Na nyumba yake?"

"Haiko!"

Chepkemboi alinipiga kiwiko. "Huyo ndiye mwanangu," akaninong'oneza kwa majivuno. "Umesikia anavyopanga maneno?"

Nilisikia. Nilikuwa nimeshika nguzo ya banda kwa mikono miwili. Nilisikia harufu ya moshi ambao haukuwapo, moshi wa mwaka ule.

"Hakuna mtu wa kuguswa," Nicholas akasema. "Tutaangalia picha, halafu nitaita polisi kutoka Sotik."

"Polisi watakuta tumemaliza," sauti ikasema nyuma.

Nicholas akachomeka. Nikautazama waya wa umeme juu ya paa, nikauomba kwa jina la Yesu ukatike. Haukukatika. Umeme wa siku hiyo ulikuwa mwaminifu kuliko mimi.

Televisheni ikawaka. Kwanza plastiki nyeupe, aproni, kama ya kila mchuma chai aliyekuwapo pale. Watu wakanung'unika. Halafu majani ya chai.

Halafu gambuti mbili, kubwa, zimejaza televisheni yote.

Ya kushoto nyeusi. Ya kulia kijani.

Zilikuwa zinatikisika. Mimi peke yangu nilijua ni kwa nini. Mwenye gambuti alikuwa anacheka.

Kisha mwanamke mmoja karibu na mizani akasema polepole, "Hizo gambuti nimeziona sasa hivi."

Watu wakaanza kushusha macho. Safu moja, kisha nyingine. Macho mia mbili yakitafuta chini kwenye matope. Watu waliokuwa karibu na Chepkemboi wakarudi nyuma hatua moja, kisha mbili, mpaka akabaki peke yake katikati ya duara.

Mimi pia nilirudi nyuma. Miguu yangu ilifanya hivyo bila kuniuliza.

Kimutai aliangalia televisheni. Akaangalia miguu. Akaangalia uso.

"Mama?"

"Mama nini?" Chepkemboi akasema. Hakuwa na hofu hata kidogo, alikuwa anatabasamu. "Hizi si zangu. Zangu ni ndala, zimekatika. Elmina, waambie nimezitoa wapi."

Macho yote yakanigeukia.

Niliona ghala la mahindi. Niliona ufa wa mbao niliokuwa nachungulia siku zile nne, na mgongo wa Chepkemboi mlangoni, na mwiko. Nikafungua mdomo. Naapa kwa kaburi la Ombati, yule wa kweli, nilifungua mdomo ili niseme, "Ni zangu."

Kilichotoka ni hiki:

"Mimi sijui. Nimekutana naye njiani, alikuwa amezivaa tayari."

Tabasamu la Chepkemboi halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kwake likingoja, kama mtu aliyesikia vibaya anayengoja kurudiwa.

"Elmina?" akasema.

Niliangalia viatu vyangu vya kanisa.

"Mwongo!" mtu akapiga kelele, na hakuwa ananisema mimi. "Mama wa kiongozi ndiye anatuuza!"

"Ndiyo maana mwanawe anapiga kelele zaidi!"

"Kwake! Twende kwake!"

Fimbo zikainuka. Kimutai alikuwa ameshuka kwenye kreti. Alimweka Ombati chini polepole sana, kama kitu kilichojaa maji.

"Nilisema hata kama ni mama yangu," akasema. Aliwatazama watu mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu wa kumwondolea hayo maneno. Hakuna aliyeyaondoa.

"Jua lisingojewe!" yule wa nyuma akasema.

"Tulieni!" Nicholas akapiga meza. "Mnakwenda wapi? Picha haijaisha!"

Tulikuwa tumeisahau picha. Mimi pia, Mungu anisamehe.

Kwenye televisheni Ombati alikuwa ameanza kupanda. Alikuwa anapanda polepole, kwa adabu, akinitazama kama nilivyokuwa nimemsimamisha. Gambuti zikateremka zikapotea. Ikaja sketi ya kahawia. Sketi za kahawia pale zilikuwa hamsini. Ukaja mkono ulioshika rimoti, mkono wa mwanamke mzee, na wazee pale tulikuwa wengi. Likaja koti la mitumba. Kikaja kidevu.

Juu kulikuwa na kofia pana ya jua, imeshuka mpaka puani. Macho hayakuonekana. Nikaanza kupumua.

Halafu ukaja mdomo.

Ulikuwa wazi kabisa, unacheka kicheko ambacho ukikiona tu unakisikia.

"Simamisha!" Kimutai akasema.

Nicholas akasimamisha.

Mdomo ukabaki pale kwenye televisheni ya kanisa, mkubwa kama mlango wa nyumba. Ndani yake kulikuwa na jino moja. Moja tu, la juu, limesimama peke yake.

Nilifunga midomo yangu nikaibana. Ulimi nikauweka juu ya jino kama anayefunika kikombe. Hakuna aliyeniangalia bado. Walikuwa wanaitazama televisheni, wakigeuka wanamtazama Chepkemboi, wakirudi kwenye televisheni, wakihesabu.

Chepkemboi hakutazama televisheni hata mara moja. Tangu niliposema lile neno, alikuwa ananitazama mimi.

Akaja. Watu wakampisha. Nyeusi, kijani, nyeusi, kijani, mpaka ncha za gambuti zikagusa viatu vyangu vya kanisa.

"Panya," akasema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Hebu cheka."